Rimoti ya Pili

Katika ploti yetu ya vyumba vya kupanga huko Ruiru, kila mtu alijua kwamba saa kumi jioni Wanja hapatikani. Alikuwa akiuza mayai na maziwa kwenye kibanda cha langoni, na mteja akija saa hiyo alikuta trei zimefunikwa gazeti. Wanja alikuwa juu ya paa, kwenye kamba za nguo, amesimama kando ya tangi la maji na kitu mikononi alichokifunga kwa leso. Uso wake uliangalia mashamba ya kahawa. Alikaa nusu saa, kisha akashuka, akafunua trei, akaendelea kuuza.

Mimi nilidhani ile ni redio, anasikiliza mahubiri. Nilianika nguo zangu na kumwachia nafasi yake.

Tulijua anachongojea. Mumewe, Gachau, alikuwa mpiga picha wa harusi na wa mashamba. Siku moja ya Januari, miaka miwili nyuma, alibeba droni yake, ndege ndogo ya kurushwa kwa rimoti, kwenye begi akasema anaenda kijiji cha Theta kuijaribu. Hakurudi. Polisi walimtafuta Theta wiki tatu, kwenye mabwawa na vichaka, na hawakupata hata kofia. Ukoo wake ulipotaka kufanya ibada ya kumuaga, Wanja alikataa. Alisema hawezi kumuaga mtu ambaye hajui yuko wapi.

Kila Jumatano wanawake wa ploti tulikutana chumbani kwangu kuomba, na Wanja alikuwa na ombi moja tu.

"Mimi siombi arudi," alisema. "Naomba niambiwe. Kama yuko hai niambiwe, kama amekufa niambiwe. Mungu asininyamazie tu."

Tuliomba hivyo miaka miwili. Nililiomba ombi hilo hata nikiwa kwenye cherehani, nikishona sare za shule, mguu ukikanyaga na midomo ikisema: Bwana, mwambie Wanja.

Mwaka huo wa pili nilikuwa nimeanza masomo ya jioni huko Thika, ya kupiga picha za video. Darasani nilikuwa na umri wa kuwazaa wote. Mwalimu alitugawa wawili wawili kwa kazi ya mwisho, nami nikapewa Yusuf, kijana wa Majengo, mrefu, mwenye mikono isiyotulia. Yeye alikuwa amechagua droni kabla hata ya kuniuliza.

"Mathe, usiogope," aliniambia, akiniita mama kwa lugha ya vijana. "Hii inataka watu wawili. Mimi narusha, wewe unapiga picha."

"Nitapigaje picha nikiwa chini?"

"Na rimoti yako. Ndege ina risiva mbili, sawa? Moja inasikia rimoti yangu, hiyo ndiyo inaruka. Ya pili inasikia rimoti yako, inageuza shingo ya kamera. Mimi macho yangu ni kwa ndege. Wewe macho yako ni kwa skrini. Mimi sioni unachoona, na wewe huoni ninachoona. So tunaongea."

"Na tusipoongea?"

"Tunagonga mti, tunarudi darasani kuchora."

Droni yenyewe aliinunua kwa fundi Mukonyo, anayetengeneza simu karibu na stendi ya Thika. Mukonyo naye aliuziwa na mchuma kahawa aliyeikuta juu ya mibuni, mkono mmoja umevunjika. Mukonyo aliuunga ule mkono, akaipaka droni yote rangi nyeusi. Nilipaswa kufikiria jambo hapo hapo. Lakini Gachau alipotelea Theta, na droni yake nilikumbuka kuwa nyeupe. Sikufikiria.

Kazi ngumu ilikuwa kuziunganisha rimoti na risiva. Ya Yusuf iliingia mara moja. Yangu ilikataa, kwa sababu kitufe cha risiva ya kamera kilikuwa kimezibwa na gundi ngumu. Yusuf aliigeuza ndege, akafungua kifuniko cha betri, akamulika kwa simu.

"Tuko na bahati," alisema. "Mwenyewe ameandika neno lake hapa na kalamu."

"Neno gani?"

"Neno la siri. Angalia, mathe, hii risiva haijui mkono wa mtu. Inajua neno. Rimoti yoyote ikiwa na hilo neno, inaitii. Zikiwa mbili, inashika ile inasikia vizuri zaidi."

Akaandika neno kwenye kompyuta yake, akaliingiza kwenye rimoti yangu. Taa ndogo ikatoka nyekundu ikawa kijani. Nilisukuma kijiti kwa kidole gumba, na kamera ikageuza shingo ikaniangalia. Nilipiga ukelele uwanjani, mtu mzima, na Yusuf akacheka mpaka akachuchumaa. Kwa furaha hiyo sikumwuliza tena neno lenyewe ni lipi.

Wiki mbili tulifanya mazoezi Thika. Kabla ya kuruka mimi nilisali, Yusuf akasema bismillahi yake, na kila mmoja alimsubiri mwenzake amalize. Mwanzoni sikujua kuongoza kamera. Yusuf alikuja nyuma yangu akaniambia, "Kushoto kidogo. Simama. Tena kidogo. Simama. Sasa chini." Nami nilisukuma kijiti, nikangoja sauti yake, nikasukuma tena. Polepole kidole kikapata akili. Huko Thika kamera haikunisumbua hata siku moja.

Mwalimu akatuombea kibali cha kupiga picha mto na mashamba ya kahawa upande wa Ruiru, karibu na kwangu. Tulianza Jumanne. Palikuwa na jua kali na ukame. Nyasi zimekuwa kahawia, mto umebaki mawe. Tuliruka saa tisa na dakika hamsini. Ndege ilipanda vizuri, nami nikaufuata mto kwenye skrini, nikimwambia Yusuf aende taratibu.

Saa kumi na dakika chache taa ya rimoti yangu ikawa nyekundu.

Nilisukuma kijiti. Kamera haikunisikia. Halafu, nikiwa nimetoa kidole kabisa, ikageuka yenyewe. Kushoto kidogo. Ikasimama. Kushoto kidogo tena. Ikasimama. Kisha ikainama.

"Yusuf, si mimi," nilisema.

"Si wewe nini?"

"Kamera. Inaangalia kitu."

"Inaangalia nini?"

Ilikuwa kwari ya zamani nyuma ya kahawa, ambamo watu waliacha kuchonga mawe miaka mingi iliyopita. Shimo la mraba, kuta zake zimekatwa wima, na ndani yake maji ya kijani. Upepo uliitikisa ndege, kingo za picha zikacheza, lakini maji yalibaki katikati ya skrini. Sijawahi kuona kitu kikitulia vile. Tuliishusha ndege, tukabadilisha betri, tukairusha tena, na kamera ikarudi kwenye maji kwa hatua zile zile. Saa kumi na nusu taa yangu ikawa kijani, na shingo ikanisikia kana kwamba hakuna lililotokea.

"Ni mawimbi tu," Yusuf alisema. "Kuna mnara wa simu pale." Lakini nilimwona midomo ikienda, na hakuwa akiongea nami.

Alhamisi tulihama. Tulienda upande mwingine wa shamba, karibu na barabara, ili tuwe mbali na mnara. Saa kumi na dakika chache taa ikawa nyekundu. Kushoto kidogo, simama. Kushoto kidogo, simama. Chini. Nikayaona yale maji tena, kutoka upande mwingine, katikati kabisa ya skrini.

"Mathe, tushushe," Yusuf alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tushushe tuende."

Usiku huo niliomba muda mrefu. Nilimwambia Mungu kwamba kama kuna kitu kibaya ndani ya ile ndege, niiache, hata kama nitakosa cheti. Sikusikia chochote. Ijumaa nikiwa kwenye cherehani, kitambaa cha kijani mbele yangu, kilinijia kitu kidogo. Zile hatua nilizijua. Ndivyo nilivyosukuma kijiti wiki ya kwanza, nikiongozwa kwa sauti. Mtu anayeona hugeuza kamera mara moja, kwa mkono mmoja mrefu. Anayesukuma, akasimama, akasukuma, akasimama, ni mtu anayengoja kuambiwa.

Nilimpigia Yusuf simu.

"Lile neno la risiva ni lipi?"

"Ah, hilo? 'Wanja niangalie.'"

"Sema tena."

"Wanja niangalie. Labda ni dame wake. Si ni tamu? Mathe? Uko?"

Niliangalia saa ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika tano. Juu ya kichwa changu, ghorofa tatu juu, Wanja alikuwa kando ya tangi la maji.

Nilipanda ngazi bila viatu. Aliponiona alitabasamu, na nilishtuka, maana miaka miwili sikuwa nimeyaona meno ya Wanja.

"Mama Muema! Nilikuwa nataka hata kukuita," alisema. "Kuja uone kitu, lakini usiambie hao wengine. Watasema nimerukwa na akili."

Akafungua leso. Ndani yake kulikuwa na rimoti, ndogo, nyeupe, imefutwa vizuri, na taa yake nyekundu ikiwaka.

"Leo imekataa," alisema. "Lakini Jumanne iliwaka kijani. Na jana. Miaka miwili nimeichaji kila usiku, napanda nayo kila siku, nyekundu, nyekundu, nyekundu. Halafu Jumanne kijani! Nilikaa hapo chini. Gachau mwenyewe aliniambia, taa ikiwa kijani jua niko hewani. Yuko hai, Mama Muema. Ngai! Yuko hai."

Nakiri kilichonijia. Nilifikiri kwamba ningeweza kunyamaza. Yusuf angebadilisha neno kwenye kompyuta yake, ile taa isingewaka tena, na Wanja angebaki na Jumanne yake na Alhamisi yake mpaka mwisho wa maisha. Ungekuwa ukarimu wa aina fulani. Lakini mimi ndiye niliyeomba miaka miwili aambiwe, na sasa midomo ya kumwambia ilikuwa yangu.

"Wanja," nilisema, "kwanza niambie siku ile ilikuwaje."

Aliangalia kahawa.

"Alikuwa anataka tufanye kazi pamoja. Yeye arushe, mimi nishike kamera. Alikuwa na rimoti mbili lakini skrini ni moja, na skrini ilikuwa kwake. So yeye ananiambia kwa simu, mimi nasukuma. Siku hiyo alitaka kujua rimoti yangu inafika mbali kiasi gani. Mimi nikakaa kibandani na simu sikioni. Anasema, 'Kushoto kidogo. Simama. Kushoto kidogo. Simama. Sasa chini. Hapo hapo.' Halafu akacheka. Akasema, 'Sasa ninajiona, Wanja. Niko katikati ya picha kama mheshimiwa.'"

"Halafu?"

"Halafu mteja akakuja." Aliigeuza rimoti mkononi. "Alitaka trei mbili. Nikaweka rimoti juu ya mayai, mara moja tu. Nadhani kijiti kililalia trei. Nikamsikia akicheka tena, anasema, 'Wewe, unanitoa kwa picha! Haya wacha, mimi ndio nitasonga.' Basi. Simu ikakatika. Nikadhani ni kredo ya simu imeisha. Nikahesabia yule mama mayai yake."

Alifunga leso, akaifungua tena.

"Hiyo ya mayai sijawahi kuambia polisi. Niliwaambia Theta, kwa sababu alisema Theta."

Nikamwambia. Nilimwambia karibu yote nikiwa nimemshika mkono: Mukonyo, rangi nyeusi, neno chini ya betri, Jumanne, Alhamisi. Meno yake yalitoweka polepole. Mkono wake ulipoa ndani ya wangu, lakini hakuutoa.

"Kwa hivyo ni wewe," alisema.

"Ni mimi."

"Ulikuwa unaniwashia taa."

"Woi, Wanja, sikujua. Nisamehe."

Alikaa chini, akaegemeza mgongo kwenye tangi. Mtoto alilia ghorofa ya chini na akanyamazishwa. Halafu Wanja aliuliza kitu ambacho nilikuwa nikiogopa.

"Nikisukuma, kamera ilikuwa inaangalia wapi?"

"Wewe hukuwa unaona?"

"Nitaona na nini? Skrini sina. Mimi nafanya tu zile hatua zake za siku hiyo. Nazijua kwa kichwa. Kushoto, simama, kushoto, simama, chini. Kila siku. Ilikuwa inaangalia wapi?"

"Kwari ya zamani. Hapo nyuma ya kahawa."

"Si Theta?"

"Si Theta. Labda hakufika huko."

Hakulia. Alisema tu, "Nipeleke."

Jioni nilimpigia Yusuf tena, nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mathe, hiyo haiwezekani," alisema. "Sikatai rimoti yake ndiyo ilishika kamera. Hiyo ni sawa, neno ni moja, na kule juu ya paa yake ilisikika vizuri kuliko yako. Lakini Jumanne ndege ilikuwa inaangalia mto. Alhamisi ilikuwa inaangalia barabara, tena upande ule mwingine. Mtu asiyeona akifanya hatua zile zile, kamera inafaa kuangalia mahali tofauti kila siku. Haiwezi kufika pale pale mara mbili. Hesabu inakataa."

"Ilifika."

"Najua ilifika! Nilikuwa hapo." Alipumua. "Nikuje kesho?"

"Kuja kesho."

Jumamosi tulivuka kahawa sisi watatu. Yusuf alibeba ndege, mimi skrini, Wanja rimoti yake ndani ya leso. Alikuwa amevaa vizuri, nguo ya kanisani na viatu vya kufunga. Yusuf alimsalimia kwa heshima, akamwita mum, na hakufanya mzaha hata mmoja. Rimoti yangu niliizima nikaiweka ndani ya begi, ili zisigombane.

Tulisimama mahali penye nyasi ndefu, kahawia, tukaliona shimo mbele yetu kwa mbali. Nyasi zilikuwa zimeota mpaka ukingoni, usingejua ardhi inaishia wapi. Yusuf alisema tusikaribie zaidi. Nikasali kwa sauti, Yusuf akamaliza yake kimya. Wanja alifumba macho lakini midomo yake haikusogea.

Ndege ilipanda. Saa kumi Wanja aliwasha rimoti. Taa ikawa kijani mkononi mwake, na nilimwona akiiangalia kama mtu anayeangalia mlango ukifunguka.

"Skrini utaishika wewe," aliniambia. "Mimi sitaki kuona. Wewe niambie, vile alikuwa ananiambia."

Basi nikawa sauti. Nilisimama kando yake, yeye amegeuka, amelipa shimo kisogo.

"Kushoto kidogo," nilisema. "Simama."

Kidole chake kilikuwa chepesi kuliko changu.

"Kushoto kidogo. Simama. Sasa chini. Chini kidogo. Simama hapo."

Maji yalikuwa yamepungua sana kwa ukame, hata kuliko Alhamisi. Ukutani, chini, lilikuwa limejitokeza jiwe pana kama kitanda, ambalo nadhani wachongaji walilitumia kukanyaga zamani. Nilimwambia Yusuf aishushe ndege polepole. Juu ya jiwe niliona mkanda wa rangi ya machungwa. Mkanda ulishika kitu cha mraba kilichojaa matope. Kisha niliona kiatu, na kiatu hakikuwa peke yake.

"Umenyamaza," Wanja alisema.

Niliisogeza skrini karibu na uso.

"Mama Muema. Niambie."

"Nimemwona, Wanja."

"Amevaa nini?"

"Mkanda shingoni. Wa machungwa."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayekubali bei. "Ni wa rimoti. Nilimnunulia mimi, ndio asiiangushe." Kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya kibandani, "Alisonga ndio aingie kwa picha. Alikuwa anaangalia skrini, hakuangalia nyuma."

Akabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikazimika. Akaikunja rimoti ndani ya leso, akailaza kwenye nyasi, akainuka.

"Basi, Gachau," alisema. "Nimeambiwa."

Nilitaka kumkumbatia, lakini nilikuwa nimeshika skrini, na macho yangu yakarudi kwenye skrini bila mimi kupenda. Yusuf alikuwa akiirudisha ndege juu ya vichwa vyetu, ndipo nikaona kamera inageuka.

Rimoti yangu ilikuwa ndani ya begi, imezimwa. Ya Wanja ilikuwa chini, ndani ya leso, imezimwa. Kamera iliyaacha maji, ikavuka ukingo wa mawe, safari hii bila kusimama hata mara moja, kwa mkono mmoja mrefu, kama inavyogeuzwa na mtu anayeona. Ilipita nyasi. Ikatufikia sisi.

Nilituona watatu kutoka juu. Wanja katika nguo ya kanisani. Mimi na skrini. Na Yusuf, kichwa kimeelekea mbinguni, mkono mmoja juu ya macho kuzuia jua, akirudi nyuma hatua moja, na nyingine, asiipoteze ndege yake. Alikuwa ametuacha mbali sana bila mmoja wetu kutambua. Nyuma yake kulikuwa na nyasi kidogo, na nyuma ya nyasi, rangi ya kijani.

"Yusuf! Simama! Usirudi nyuma! Simama hapo hapo ulipo!"

Alisimama. Kisigino chake kilisukuma jiwe. Tulilisikia likiondoka, kisha kimya, kimya kirefu kuliko nilivyotegemea, kisha maji.

Alikaa kitako kwenye nyasi akiwa bado ameshika rimoti yake, akasogea mbele kwa makalio kama mtoto mchanga, mpaka akatufikia. Alikuwa akisema jina la Mungu tena na tena, nami nilikuwa nikilisema pamoja naye. Ndege ilibaki hewani, imetulia.

Wanja alikuja akasimama nyuma ya bega langu. Kwa mara ya kwanza aliiangalia skrini. Kamera ilikuwa bado juu yetu, na yeye ndiye aliyekuwa katikati.

"Ninajiona," alisema.

Tulimtazama akijitazama, mpaka betri ilipoanza kulia na Yusuf akaishusha ndege.

Polisi na vijana wa kwari nyingine walimtoa Jumatatu. Gachau alizikwa kwao Ijumaa iliyofuata, na Wanja aliweka rimoti ya pili ndani ya jeneza. Yusuf ndiye aliyetoa betri. Jumatano iliyofuata, kwenye maombi, zamu ya Wanja ilipofika tulimgeukia sote. Alisema hana ombi. Akatoka, akarudi na mayai, akatupikia.

Sisi tulikuwa bado na kazi ya darasa. Tulirudi kwenye mto wiki mbili baadaye, na kabla ya kuruka Yusuf alifungua kompyuta ili abadilishe neno.

"Mathe, nimeangalia ile video mara ishirini," alisema bila kuinua macho. "Rimoti zote mbili za kamera zilikuwa zimezimwa. Risiva ikikosa rimoti inafaa kutulia tu. Haifai kugeuka."

"Wewe ndiye uliniambia haijui mkono, inajua neno."

"Ndiyo. Lakini ni nani alilisema?"

Nilitazama kule kwari. Aliniomba neno jipya, nikamnong'onezea, akaliandika. Taa yangu ikawa kijani. Saa kumi ilikuwa imepita na kamera ilikuwa imetulia chini ya kidole changu, tiifu.

Tukasali, kila mmoja kwa njia yake, na kila mmoja akamsubiri mwenzake. Kisha tukageuka wote wawili, tukaitazama ardhi iliyo nyuma yetu hatua kumi nzima, ndipo tukaruka.